Maswali ya Maumbo kwenye Mtihani wa 11+: Wasomaji Wanauliza

Barua za safari hii karibu zote ni za jambo moja: ile sehemu ya mtihani wa 11+ isiyo na maneno wala hesabu. Ni picha tupu. Maumbo, mishale, milia na vidoto, na mtoto aseme lipi linafuata, lipi halimo, au lipi limegeuzwa. Kwa wasioufahamu, mtihani wenyewe hufanywa England na watoto wa miaka kumi hadi kumi na moja, mwanzoni mwa mwaka wa sita wa shule, kuwania nafasi katika shule za gramari, yaani sekondari za serikali zinazochagua wanafunzi kwa mtihani, ambazo zimebaki 163. Wales na Uskoti hazina shule hizo, na Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Binti yangu yuko mwaka wa tano, hapa Gravesend. Nimemnunulia vitabu vinne vya maumbo na kila jioni anamaliza kurasa mbili tatu. Akipata, amepata. Akikosa, haelewi kwa nini, na mimi vilevile sielewi. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Nitamsaidiaje? (Mama N.)

Mama N., Kiingereza chako hakihusiki hapa, kwa sababu hata mtunga mtihani hakutumia Kiingereza. Tatizo ni kwamba binti anajaza kurasa lakini hasemi kitu. Mtoto anayenyoosha kidole na kusema "hili" huenda ameona, huenda amebahatisha. Majibu yakiwa matano, bahati peke yake inampa swali moja katika kila matano, na hiyo inatosha kuwadanganya nyote wawili. Kuanzia leo, jibu lisikubaliwe bila sheria yake, na sheria isemwe kwa sauti. Akiisema kwa Kiswahili, sawa. Akichanganya lugha mbili, sawa pia. "Umbo la ndani lina upande mmoja pungufu ya la nje" ni sheria. "Hili limekaa vibaya" si sheria.

Ili asikose pa kuanzia, mpe vidole vya mkono wa kushoto. Kidole gumba ni umbo: ni nini, na lina pande ngapi? Cha shahada ni idadi. Cha kati ni rangi: nyeusi, nyeupe au milia, na milia imelala upande gani? Cha pete ni mahali: juu, chini, ndani, nje, linagusa au haligusi? Cha mwisho ni mwelekeo: linatazama wapi? Vidole vikiisha bila jibu, akunje ngumi na kuuliza mawili ya mwisho, ukubwa na ulinganifu, yaani je, umbo likikunjwa katikati pande zake zinalaliana? Mkono wa kulia unabaki na penseli.

Chukua swali la kutafuta lisilofanana na mengine. Kuna picha tano, kila moja ni umbo kubwa jeupe lenye umbo dogo ndani yake. Ya kwanza ni mraba wenye pembetatu. Ya pili ni pembetano yenye mraba. Ya tatu ni pembesita yenye pembetano. Ya nne ni pembesaba yenye pembesita. Ya tano ni pembesita yenye mraba. Maumbo ya ndani ya picha ya kwanza na ya tatu ni meusi, yaliyobaki yana milia. Watoto wengi huirukia rangi kwa kuwa ndiyo inayogonga macho kwanza, kisha wanakwama kati ya picha mbili nyeusi. Hapo kuna kipimo rahisi: kigezo kinachogawa picha mbili kwa tatu si sheria ya swali, sheria lazima itenge moja na kuacha nne. Rangi imegawa mbili kwa tatu, itupwe. Arudi kwenye kidole gumba na kuhesabu pande: tatu ndani ya nne, nne ndani ya tano, tano ndani ya sita, sita ndani ya saba, halafu nne ndani ya sita. Jibu ni la tano.

Vitabu vinne ni vingi mno, weka vitatu kabatini. Maswali manane kwa siku yanatosha, dakika kumi na tano hadi ishirini, aina moja ya swali kwa wiki nzima. Yale aliyokosa yaingie kwenye daftari la makosa: aina ya swali, alichochagua, sheria ya kweli, na sababu ya kukosa. Sababu ni moja kati ya tatu: hakuiona sheria kabisa, aliiona akakosea kuifuata, au aliharakisha. Kila Jumamosi arudie makosa tu, bila swali jipya hata moja. Baada ya mwezi daftari litakuonyesha ugonjwa uko wapi, na mara nyingi hauko pale mzazi alipodhani.

Na huko kwenu Kent, mama, shule haimwandikishi mtoto kwa niaba yako. Wewe mwenyewe ndiye unayemwandikisha, kati ya tarehe 1 Juni na 1 Julai ya mwaka wake wa tano, na mtihani ni Septemba.

Mwanangu wa kiume anachanganya kuzungushwa na kuakisiwa. Tumetumia kioo, ameelewa, kesho yake amesahau. Tupo Slough. (Baba H.)

Kioo kinamwonyesha jibu ila hakimpi njia ya kulipata siku kioo hakipo. Mpe sisimizi.

Chora fimbo iliyosimama wima, na kwenye ncha ya juu chora bendera ndogo upande wa kulia. Sisimizi yuko chini ya fimbo, anapanda kuelekea bendera. Bendera iko mkono wake upi? Wa kulia. Sasa zungusha karatasi robo, nusu, hata nyuzi 45. Kila mara sisimizi aanze kwenye mguu wa fimbo na kupanda: bendera haitoki mkono wa kulia. Kisha chora picha ileile kama inavyoonekana kwenye kioo. Sisimizi akipanda sasa, bendera iko kushoto. Habari yote imeishia hapo. Mzunguko haubadilishi mkono, kioo kinaubadilisha. Katika kila mchoro wa mtihani atafute fimbo, kwa kawaida mstari mrefu kuliko yote, aamue mguu ni upi na kichwa ni kipi, ampandishe sisimizi. Mchoro wa swali ukiwa na kidoto mkono wa kulia na jibu B lina kidoto kushoto, B limeakisiwa, hata liwe limelazwa vipi.

Kuna maumbo yasiyo na mkono. Mshale mtupu ukiakisiwa au ukizungushwa, huwezi kujua kipi kimefanyika. Watunzi wanalijua hilo, ndiyo maana huweka milia au kidoto upande mmoja tu. Jicho liende huko kwanza.

Kosa linalokula alama nyingi kuliko yote ni la milia yenyewe. Mtoto anazungusha umbo sawasawa lakini milia anaiacha ilivyokuwa. Milia ya mshazari inayopanda kuelekea kulia, umbo likizungushwa robo, itapanda kuelekea kushoto. Likizungushwa nusu, itarudi kupanda kulia. Kwenye kioo cha wima itapanda kushoto. Mkatie kipande cha boksi la nafaka za asubuhi, achore milia mwenyewe, akizungushe mezani huku akitaja: kulia, kushoto, kulia, kushoto.

Mistari ya kioo iliyolala mshazari ni migumu zaidi, hata kwa watu wazima. Kioo kikilala nyuzi 45, kilichokuwa mlalo kinakuwa wima na kilichokuwa wima kinakuwa mlalo. Akilikumbuka hilo moja ataweza kufuta majibu mawili kabla ya kuanza kufikiri.

Kama kuna kanga ndani, itandazeni sakafuni siku ya mapumziko. Muulize: pindo la kulia ni lile la kushoto lililoakisiwa, au lililozungushwa nusu? Atafute ua moja au korosho moja yenye mkono na kumpandisha sisimizi. Kuna kanga za kila namna, na nyingine jibu lake ni vyote viwili. Mjadala huo una faida kuliko kurasa kumi.

Mimi ni bibi, nakaa na mjukuu wangu hapa Aylesbury mpaka wazazi watoke kazini. Anachoka na vitabu. Je, kuna la kufanya kwa mikono? (Bibi wa Aylesbury)

Shikamoo bibi. Lipo, na kwa maswali ya kukunja karatasi na ya maboksi, mikono hutangulia kitabu.

Anza na karatasi ya mraba ya sentimita 15. Ikunjwe mara moja, upande wa kulia ulale juu ya kushoto, kisha mara ya pili, juu ije chini. Toboa tundu moja kwa kitoboleo cha ofisini. Kabla ya kuifungua, mjukuu achore pembeni anachotarajia. Wengi huchora tundu moja au mawili. Wakifungua ni manne. Hesabu yake ni kwamba matundu ni sawa na tabaka zilizotobolewa: kunja mara moja tabaka mbili, mara mbili nne, mara tatu nane. Lakini hiyo ni pale karatasi inapolala yote juu ya yote. Kona moja ikikunjwa kuja katikati, sehemu nyingine ina tabaka mbili na nyingine moja tu, kwa hiyo ahesabu tabaka pale tundu linapopita, asihesabu mikunjo. Na ukikata nusu tundu kwenye mkunjo wenyewe, likifunguka linakuwa tundu moja zima. Hapo hunaswa wengi.

Mahali pa matundu pana njia yake pia: afungue kinyumenyume. Mkunjo wa mwisho hufunguliwa kwanza. Kila ufunguzi, mstari wa mkunjo ni kioo, na tundu huruka upande wa pili kwa umbali uleule kutoka kwenye mstari. Anayefungua kwa mpangilio wa kukunja hupata idadi sahihi na mahali pasipo sahihi, na jibu la namna hiyo huwekwa kusudi miongoni mwa yale matano.

Sasa boksi. Kwenye karatasi ya A4 chora msalaba wa miraba sita ya sentimita 5: minne wima, na mmoja kila upande wa mraba wa pili kutoka juu. Wote utachukua sentimita 15 kwa 20, unatosha vizuri. Kabla ya kuukata, achore alama tofauti kwenye kila mraba: duara, nyota, mshale, msalaba, nukta tatu na milia. Ukunjwe na kufungwa kwa selotepu. Aucheze, kisha aufungue tena. Baada ya mara tano sita atagundua mwenyewe kwamba katika mstari mmoja, mraba na mwenzake aliyerukwa mmoja huja kutazamana kwenye boksi: wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Nyuso zinazotazamana haziwezi kuonekana pamoja kwenye picha moja ya boksi. Sheria hiyo moja hufuta jibu moja, mara nyingine matatu.

Yanayobaki hukaguliwa kwa mshale. Kama kwenye karatasi mshale unaelekea upande uliogusana na nyota, kwenye boksi lazima uendelee kuielekea nyota. Watoto wengi huishia kwenye kutazamana, wakiona alama tatu sahihi wanaweka jibu, kumbe mshale umegeuzwa. Tena akague zamu ya nyuso tatu zinazokutana kwenye kona: ukizitaja kwa mwendo wa saa, je, ni mpangilio uleule?

Siku akiwa na nguvu mpe kazi hii: mchemraba unaweza kufunguliwa kwa namna 11 tofauti. Azitafute zote, akikata na kukunja. Inaweza kumchukua wiki, msimharakishe. Bibi anayejua kusuka ukili amfundishe huo pia. Anayesuka hulazimika kujua mchoro unarudi lini na unapanda upande gani, na maswali ya mfuatano ndiyo hayohayo.

Maswali yenye herufi pembeni ya maumbo sisi hatuyaelewi hata kidogo. (Mama wawili, Birmingham)

Hayo ni maswali ya msimbo. Kila herufi inasimamia sifa moja ya mchoro, na kazi ni kugundua ipi. Angalieni: duara kubwa lenye milia limeandikwa LP. Duara dogo jeusi limeandikwa LR. Pembetatu kubwa nyeusi imeandikwa KR. Swali: pembetatu ndogo yenye milia iandikweje?

Msianze na mchoro unaoulizwa. Anzeni na herufi iliyojirudia. L ipo kwenye mchoro wa kwanza na wa pili. Michoro hiyo inashirikiana nini? Ukubwa si sawa, rangi si sawa, umbo ni lilelile. Basi L ni duara na K ni pembetatu. R ipo kwenye wa pili na wa tatu: umbo tofauti, ukubwa tofauti, rangi ileile. R ni nyeusi, P ni milia. Jibu ni KP. Ukubwa hauna herufi kabisa, umewekwa kuwapoteza. Mtoto atakayesema "P ni kubwa" kwa kuwa mchoro wa kwanza ni mkubwa aulizwe kuhusu ule wa tatu: nao ni mkubwa, mbona hauna P?

Zikiwa herufi tatu, ni kazi ileile mara tatu. Afunike kwa kidole safu mbili za herufi na kushughulikia moja moja. Na asidhani herufi ya kwanza ni umbo kila mara. Swali linalofuata inaweza kuwa rangi.

Tunaishi Sutton. Kitabu gani cha maumbo ni bora? (Baba K.)

Hakuna, kwa sasa. Mtihani wa pamoja wa kujiunga na shule za gramari za Sutton ni wa Kiingereza na hesabu. Ule wa shule za muungano wa Essex pia ni masomo hayo mawili. Maumbo yamo Kent, Buckinghamshire, Slough, Birmingham na Lincolnshire. Kabla ya kutoa hata pauni moja, soma ukurasa wa udahili wa kila shule unayoifikiria, wa mwaka huu. Cha jirani hakihusu, hata kama mwanawe alifaulu mwaka juzi. Familia nyingi hupoteza miezi kwenye maumbo yasiyoulizwa huku hesabu za kugawanya sehemu zimelegea.

Nyumbani anapata karibu yote. Nikiweka saa, nusu ya karatasi inabaki nyeupe. Sisi tuko Grantham, mtihani ni Septemba. (Baba S.)

Kwako hili ni zito kuliko kwa wengine. Karatasi za kwenu Lincolnshire ni mbili, ya maneno na ya maumbo, na alama ya kufuzu ni 220 kwa zote mbili pamoja. Maumbo ni nusu ya safari.

Mtazame akifanya swali moja la mfuatano au la jedwali, usiseme neno. Tuna hakika macho yake yanakimbilia majibu matano, yanarudi kwenye swali, yanakwenda tena. Hapo ndipo dakika zinakoishia. Afunike majibu kwa kiganja. Atafute sheria, ajenge jibu kichwani, ndipo aondoe mkono na kulitafuta. Mfano: miraba minne, nukta inahama kona moja kwa mwendo wa saa kila hatua, na mshale wa katikati unazunguka nyuzi 45 kinyume cha saa. Ni vitu viwili vyenye mienendo miwili. Afuatilie nukta peke yake mpaka mwisho, na afute majibu ambayo nukta yake haiko mahali pake. Yatabaki mawili au moja. Mshale utamaliza. Kujaribu kuvifuata vyote viwili kwa pamoja ndiko kunakochosha.

Pengo likiwa katikati ya mfuatano, aje kutoka pande zote mbili. Sheria ikikataa kabisa, huenda ni mifuatano miwili iliyopishana: aangalie wa kwanza, wa tatu na wa tano, kisha wa pili na wa nne. Jedwali la tatu kwa tatu lisomwe kwa safu za mlalo, kisha za wima. Kama picha ya tatu inaonekana kama mbili za kwanza zimelalishwa juu ya nyingine, aangalie mistari iliyopatana: katika maswali mengine hubaki, katika mengine hufutana.

Saa yenyewe usiilete ghafla. Wiki mbili za kwanza, maswali 12 bila saa, wewe uandike kimya kimya alichotumia. Tuseme dakika 9, ambazo ni sekunde 45 kwa swali. Shusha hadi saba na nusu, kaa hapo mpaka usahihi urudi, kisha sita, yaani sekunde 30. Ukiona usahihi umeporomoka chini ya maswali 9 kati ya 12, umeharakisha, panda tena.

Mazoea matatu ya siku ya mtihani yaanze nyumbani. Swali likizidi nusu dakika, aweke jibu la kukisia, alitie alama kwenye kijitabu na kusonga mbele. Sekunde 30 za mwisho ni za kujaza kila pengo, kwa sababu jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, na aliyekwisha kufuta matatu ana nafasi nusu kwa nusu. La tatu ni karatasi ya majibu, ambayo ni tofauti na kijitabu cha maswali na husomwa na mashine. Akiruka swali la 14 bila kuruka mstari wa 14, kila jibu linalofuata limehama. Kila swali la tano alinganishe namba. Akifuta, afute pafutike.

Kwa wasomaji wa Kent, sehemu ya maumbo hukatwa vipande vifupi, kila kimoja na muda wake. Kengele ikilia hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo asiweke akiba ya "nitarudi baadaye".

Jambo moja la pembeni: mtoto anayekosa daima pale ambapo tofauti ni kidoto au unene wa mstari, mpeleke akapimwe macho. Kwa walio chini ya miaka 16 kipimo ni bure chini ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Akihitaji karatasi yenye maandishi makubwa, iombwe wakati wa kumwandikisha, si wiki ya mtihani.

Wangu amezaliwa mwishoni mwa Agosti. Si ataonewa na watoto wa darasa lake waliozaliwa Septemba, waliomzidi karibu mwaka mzima? (Mama R., High Wycombe)

Alama hurekebishwa kwa umri, kwa miaka na miezi. Maswali aliyopata hulinganishwa na ya watoto wa umri wake, ndipo inapotoka alama ya mwisho, ambayo kwenu Buckinghamshire inatakiwa kufika 121. Umri hautamwangusha kwenye hesabu ya alama. Kinachoweza kumwangusha ni uchovu, kwa hiyo vipindi vyake viwe vya dakika 12 badala ya 20.

Hatuko Uingereza, tuko Dar es Salaam. Shule ya kimataifa tunayoomba imesema mwanetu wa miaka 11 atafanya CAT4 kwenye kompyuta. Ni mtihani uleule? (Baba na Mama Z.)

Ni ndugu zake. Mtungaji ni GL Assessment, kampuni ya mitihani ya Uingereza, ambayo ndiyo pia nyuma ya mitihani mingi ya 11+. Una mafungu manne: maneno, namba, maumbo, na maumbo ya nafasi. Maumbo yana sehemu mbili za maswali 24, kila moja dakika 10: ya kwanza anapewa maumbo matatu yanayofanana na kutafuta la nne, ya pili ni majedwali. Maumbo ya nafasi yana sehemu mbili za maswali 18, kila moja dakika 9: karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, na umbo lililofichwa ndani ya mchoro wenye mistari mingi. Sekunde 25 hadi 30 kwa swali, basi.

Tofauti na 11+, hapa hakuna alama ya kufaulu iliyotangazwa. Shule hutumia matokeo kumjua mtoto, kila moja kwa namna yake, na mara nyingi pamoja na mahojiano na ripoti za shule anakotoka. Miezi ya mazoezi haihitajiki. Wiki tatu za kuzoea zinatosha, mpeni hizo sehemu nne kwa zamu, pamoja na kazi ya mikono tuliyomwandikia bibi wa Aylesbury.

Kwenye kompyuta hawezi kugeuza karatasi, na kuinamisha kichwa hakumsaidii sana, kwa hiyo sisimizi wa Baba H. ndiye atakayembeba. Umbo lililofichwa lina njia yake: achague kona moja ya umbo, ile ya ajabu kuliko zote, yenye pembe kali au mstari mfupi kando ya mrefu, aitafute hiyo tu ndani ya mchoro. Akiipata, afuate mistari kutoka hapo kwa macho, upande baada ya upande, mpaka arudi alikoanzia. Upande mmoja ukikosekana au ukiwa mrefu kupita kiasi, si lenyewe, na ahamie mchoro unaofuata. Umbo linalotafutwa lina ukubwa uleule na halijazungushwa, asihangaike kuligeuza. Na kipanya: kama nyumbani amezoea simu ya kugusa tu, mpeni siku mbili tatu za kutumia kipanya cha kweli kabla ya siku yenyewe.